Wajuzi wa miundo: kiwanja kipo Pangani, chama kinataka ukuta wa kuzuia tsunami. Tujenge ukuta au tuinue nyumba?

Fundi wa Gulwe

Mbukwenyi wakuu. Nina mzigo hapa, wajuzi wa miundo na watu wa pwani naomba msinipite.

Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, makazi Nzuguni hapa Dodoma. Kazi zangu nyingi ni kalvati, madaraja madogo ya vijijini na nyumba za ghorofa moja. Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha walimu wastaafu. Wamechanga miaka mingi, wengine mpaka kiinua mgongo, wakanunua kiwanja wilayani Pangani. Wanataka nyumba ya wageni: vyumba kumi na viwili, ghorofa moja, ukumbi wa chakula chini, tangi la maji ya mvua nyuma. Kiwanja ni tambarare, ukichimba ni mchanga mtupu. Upana upande wa bahari ni mita 40. Kutoka alama ya maji ya bamvua (bahari inapojaa kupita siku za kawaida) hadi mpaka wetu ni mita 80, kwa hiyo zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga kando ya bahari hazitugusi. Nimepima kwa levo: ardhi yetu iko juu ya maji ya bamvua kwa mita mbili na nusu tu.

Kwenye kikao cha mwisho mzee mmoja aliyefundisha jiografia alisimama akaeleza kwamba hapo hapo ghuba ya Pangani watafiti walifukua tabaka la mchanga lililofunika kijiji cha zamani, mifupa ya watu ikiwa ndani yake, wakahitimisha kuwa ni tsunami ya karibu miaka 1,000 iliyopita. Utafiti huo ulitoka 2020, nimeusoma, mzee anasema kweli. Baada ya hapo kikao hakikwenda popote. Nusu wanataka kiwanja kiuzwe. Nusu wanataka ukuta wa zege na mawe wa mita 3 mbele ya kiwanja, na mchoraji keshawachorea. Ukuta peke yake unakula karibu theluthi ya fungu lote. Shangazi akanigeukia: "Wewe mwanangu ndiye uliyezoea maji ya Gulwe, tuambie."

Maji ya Gulwe nayajua kweli. Reli ya Kati pale kati ya Kilosa na Gulwe imesumbuliwa na mafuriko tangu zamani, na baada ya yale ya Desemba 2009 na Januari 2010 nilipata kibarua kwenye matengenezo. Kilichonikaa kichwani ni kitako kimoja cha daraja. Zege lake lilikuwa zima, halina ufa, kona zake bado kali. Lakini nilipolala kifudifudi niliona mwanga upande wa pili. Mchanga wote chini yake ulikuwa umekwenda, na kwenye nguzo matawi ya migunga na nyasi vilikuwa vimejisokota mpaka juu ya kimo changu. Tangu hapo siamini ukuta wowote kabla sijajua umesimama juu ya nini.

Maswali yangu. Tsunami inasukuma jengo kwa nguvu kiasi gani, na inatofautianaje na mafuriko ya mto niliyoyazoea? Ukuta wa mita 3 utasaidia? Kama hausaidii, hela ile ile iende wapi? Naomba hesabu zenyewe. Wazee hawa ni walimu, hawapokei jibu lisilo na njia.

Naomba kuwasilisha.

Nkuhungu Kwetu

Mkuu, pole na majukumu. Mimi si mhandisi, ni mfanyabiashara, ila nimejenga Bagamoyo na nimeyaona ya pwani.

Tsunami iliyotugusa sisi tulio hai ni ya 26 Desemba 2004. Waliofariki kwetu walikuwa watu kama kumi hivi, wengi wao walikuwa baharini wanaogelea pale Dar. Sijasikia nyumba iliyobebwa. Adui wa kila siku wa nyumba ya pwani ni chumvi. Nondo zinaota kutu, zege linabanduka vipande vipande, ukuta unaonekana una ukoma kabla mkopo haujaisha. Hela ya ukuta wa bahari wazee waipeleke kwenye saruji nzuri na mafundi wazuri. Tsunami ya miaka 1,000 iliyopita isiwanyime kula matunda ya jasho lao.

Injinia wa Chilonwa

Fundi, salaam. Mimi ni mhandisi wa miundo, kwa sasa niko Dodoma, ila miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa kwenye magati ya pwani. Nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu limeulizwa vizuri, umetoa vipimo.

Nianze na ndugu yetu Nkuhungu. Kuhusu chumvi ana haki kabisa, na nitairudia. Lakini 2004 isiwe kipimo cha kutufanya tulale. Tetemeko la Sumatra, ukubwa 9.1, lilipiga saa kumi kasoro alfajiri kwa saa zetu. Kwenye kina cha mita 4,000 tsunami inakwenda karibu kilomita 700 kwa saa, na kutoka kule hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 6,000. Ikatufikia mchana, bahari ikiwa imekupwa. Na siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua, ambapo kwetu tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Mawimbi yale yale yangefika saa kumi jioni, maji yakiwa yamejaa, mita hizo zote zingepanda juu ya fukwe zetu. Somalia, siku hiyo hiyo, walikufa karibu watu 300. Kilichotuokoa sisi kwa sehemu kubwa ni saa, na saa haiwekwi kwenye mchoro.

Sasa hesabu. Chukua kina cha maji mita 3 juu ya ardhi kama mfano, na kipande cha ukuta chenye urefu wa mita moja. Maji yakiwa yametulia upande mmoja, msukumo ni nusu × 1,025 (kilo za mita moja ya ujazo ya maji ya bahari) × 9.81 (mvutano wa dunia) × 3 × 3 (kina kwa kina). Unapata kilonyutoni 45, tani 4.6. Hayo yametulia. Yakimbize kwa mita 5 kwa sekunde, kasi ambayo tsunami nchi kavu huifikia bila shida: nusu × 1,025 × 2 × 3 × 25. Ni kilonyutoni 77, karibu tani 8 kwa kila mita ya ukuta. Ile 2 katikati ni kizidishio cha umbo bapa. Kasi iko kwenye kipeo cha pili, kwa hiyo ikifika mita 10 kwa sekunde unazungumzia tani 31. Wajapani wana njia ya haraka zaidi: wanachukulia shinikizo kana kwamba maji yana kina mara tatu ya kile kinachotarajiwa, na wanashuka hadi mara mbili au moja na nusu pale penye kizuizi mbele au jengo likiwa mbali na ufukwe. Kwa njia hiyo ukuta wenu wa mita 3 unakutana na tani 23 kwa kila mita. Mpe mchoraji namba hizo umuulize ukuta wake umehesabiwa kwa ipi.

Lakini hata ungehimili tani zote hizo, ukuta wa mita 40 kwenye ufukwe ulio wazi hauzuii kitu. Tsunami haifanani na wimbi la kusi linalopiga na kurudi. Bahari yenyewe inapanda na kuendelea kuingia kwa dakika nyingi. Maji yatazunguka ncha zote mbili za ukuta, yatajaa nyuma yake, halafu bahari ikirudi ukuta utasukumwa kutoka nyuma, upande ambao hakuna aliyeuwekea nondo. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na mto wako wa Gulwe. Mto unakuja upande mmoja. Tsunami inaingia, inatoka, inaingia tena, mara kadhaa, kwa vipindi vya dakika kumi mpaka saa nzima, na mara nyingi kinachoua majengo ni kurudi kwake, kwa sababu mchanga umeshalegea.

Walio na fedha kuliko sisi wamejaribu kuta. Kamaishi, Japani, walikamilisha 2009 kizuizi cha mawimbi chenye msingi kwenye kina cha mita 63. Tarehe 11 Machi 2011 kikavunjwa na tsunami. Masanduku yake ya zege yalikuwa mazima, lakini maji yalilundikana upande wa bahari, nyuma yakawa chini, na mkondo mkali uliopita kwenye nafasi kati ya sanduku na sanduku ukachimba mawe ya msingi. Masanduku yakateleza. Kile kitako chako cha Gulwe, Fundi, ndicho kilichotokea pale, kwa ukubwa mwingine. Niseme pia upande wa pili: kizuizi hicho kilichelewesha maji kwa dakika kama sita, na dakika sita ni roho za watu. Taro walikuwa na ukuta wa mita 10, maji yakapita juu. Fudai walikuwa na lango la mto la mita 15.5, kijiji kikapona. Kwenye mtambo wa nyuklia wa Fukushima makadirio yalikuwa mita 5.7, maji yakaja karibu mita 14. Kuta hufanya kazi pale zinapokuwa ndefu kuliko maji, zinapofunga bonde zima, na msingi wake haukokoteki. Hiyo ni kazi ya serikali na ya mji mzima. Kiwanja kimoja hakiwezi.

Hela yenu muiweke kwenye vitu vitatu: kuinua, kuchimba, na kuacha maji yapite.

Kuinua na kuacha maji yapite ni jambo moja. Chini pawe wazi, nguzo tupu, maegesho na vivuli, vyumba vyote vianze juu. Tazama hesabu. Nguzo ya pembe nne ya sentimita 40, kwa maji yale yale ya mita 3 na kasi ya mita 5, inasukumwa kwa tani 3.1. Ukiifanya ya duara, kizidishio kinashuka kutoka 2 hadi 1.2, inasukumwa tani 1.9. Sasa jaza tofali kati ya nguzo mbili zilizoachana mita 4, ufunge kwa nondo kama tulivyozoea: umeitwisha fremu tani 31. Nguzo haikubadilika, nondo hazikubadilika, umeongeza tofali tu. Kama lazima kuwe na ukuta chini, jenga wa tofali nyepesi zisizofungwa kwenye nguzo, zianguke mapema, maji yapite. Na sakafu ya chini isiungane na nguzo.

Kuchimba. Kanuni ya Marekani ya majengo, ASCE 7, toleo la 2016, ndiyo ya kwanza kwao kuwa na sura nzima ya tsunami. Kwa maji ya mita 3 inataka uhesabu mchanga kuchimbika karibu mita 3.6 kuzunguka msingi. Vitako vyetu vya kawaida vya nguzo, vinavyochimbwa kina cha mita moja na nusu, vitabaki vinaning'inia. Hapo kwenu ni nguzo za kuchimbia ardhini, zifungwe pamoja na bimu za msingi pande zote mbili, na nguzo hizo zihesabiwe kana kwamba mita hizo 3.6 za juu hazina mchanga.

Nkuhungu Kwetu

Mhandisi, hapo kwenye saa ya kupwa na kujaa umenifungua. Sikuwahi kuliangalia hivyo. Naunga mkono nyumba kuinuliwa, hata joto la pwani litapungua.

Mtoto wa Mwera

Asalaam aleikum. Mimi ni wa huko huko Pangani, kazi ndiyo iliyonileta Dodoma. Injinia amesema ya zege, mimi niseme ya ufukweni.

Fundi, siku ukirudi kiwanjani usitazame bahari. Geuka utazame kilichoegeshwa mchangani kulia na kushoto kwako. Utaona ngalawa, mashua zilizopinduliwa zinapakwa sifa (yale mafuta ya papa), magogo ya minazi iliyoanguka, mapipa, mbao za kiunzi cha mashua. Hivyo vyote siku hiyo vitakuja na maji, na vitakuja moja kwa moja kwenye nguzo zenu. Mnazi mmoja uliolala ni mzito kiasi gani unajua wewe uliyewahi kuunyanyua. Tena mto wetu mwenyewe unashusha magogo wakati wa masika hata bila tsunami.

Halafu jambo la mikoko. Wazee wa chama watasikia watu wakisema "pandeni mikoko, itawalinda." Mikoko nasi ni ndugu, samaki wetu wanazaliwa humo na siwezi kuisema vibaya. Lakini mikoko inaota kwenye tope la mlango wa mto na kwenye vijito, haioti kwenye ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi. Kama kiwanja kiko kwenye mchanga, watapanda na itakufa. Walichonacho pale ni ile tuta ndogo ya mchanga yenye mimea ya ufukweni, mlalangao na mikadi, mbele ya kiwanja. Wasiisawazishe. Wageni wengi wakija kujenga kitu cha kwanza ni kuikata ili bahari ionekane vizuri kutoka varandani.

Fundi wa Gulwe

Waaleikum salaam Mtoto wa Mwera, na ahsante Injinia. Nimechapa majibu yenu, nimempelekea shangazi. Amenirudia na maswali ya wajumbe, mengine yangu.

Kwanza, ukumbi wa chakula wanataka ubaki chini kwa sababu wageni wao wengi watakuwa wazee wenzao, miguu haitaki ngazi. Pili, slabu ya ghorofa ikiwa juu kwa mita 3 na nusu, maji yakifika mita 4 slabu inazama. Nilidhani uzito wake unasaidia, au vipi? Tatu, hayo magogo yanahesabiwaje?

Injinia wa Chilonwa

Nianze na slabu kwa sababu umegusa mahali ambapo watu wengi hawaangalii.

Slabu ya sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa mita ya mraba. Ikizama, maji yanapunguza kama kilo 150, inabaki na 200 na ushee. Hapo bado iko salama. Tatizo ni hewa. Chini ya slabu kuna bimu zinazoshuka sentimita 40 kila upande, zimefanya kisanduku kilichofunikwa juu. Maji yakipanda, hewa inanaswa humo, haina pa kutokea. Sentimita 40 za hewa zinasukuma slabu juu kwa kilo 400 kwa mita ya mraba. Toa 200 za uzito uliobaki: slabu inasukumwa kwenda juu kwa kilo 200. Na nondo zake kuu ziko chini, kwa sababu tulizipanga kubeba mzigo unaoelekea chini. Itapasuka katikati upande wa juu, kusiko na kitu.

Dawa yake ni rahisi, tena haina gharama: kwenye kila chumba cha bimu acha matundu ya bomba la inchi tatu au nne kupitia bimu, juu kabisa karibu na slabu, au kupitia slabu yenyewe mahali pa mifereji, hewa itoke. Kisha ongeza matandiko ya nondo za juu kwenye slabu yote, si juu ya bimu tu. Nguvu ya kuelea si mzaha. Onagawa, Japani, 2011, majengo ya zege yalikutwa yamelala ubavu, moja likiwa na nguzo za msingi zimeng'oka ardhini pamoja nalo. Fremu ilikuwa nzima.

Magogo. Kanuni ile ya Marekani inakutaka uchukulie gogo la angalau kilo 450. Likija kwa mita 5 kwa sekunde na kupiga kwa ncha, nguvu yake inapita tani 50, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nguzo ya sentimita 40 ya kawaida haitapenda hilo. Kwa hiyo nguzo za mstari wa mbele ziwe nene zaidi, nenda sentimita 50 au 60, ringi ziwe za mzunguko na zikaribiane, ringi hadi ringi milimita 100, kuanzia msingi hadi bimu bila kuachanisha katikati. Muhimu kuliko yote: fremu ipangwe ili nguzo moja ya mbele ikivunjika, bimu za juu zibebe nafasi mbili kwa wakati mmoja. Nondo za chini za bimu zipite kwenye nguzo bila kukatwa. Kuna pia uchafu unaojisokota kama ule uliouona kwenye nguzo za daraja. Ukikusanyika unageuza nguzo tupu kuwa ukuta tena, ndiyo maana kanuni ile haikuruhusu kudai kwamba chini pako wazi moja kwa moja. Inakutaka uhesabu asilimia 70 ya uso wa jengo kana kwamba umezibwa, na kwa jengo lililo wazi kweli inakuruhusu kushuka hadi 50.

Ukumbi wa chakula ukae chini, sina neno. Wazee wale wale wanaoshindwa ngazi wapate kivuli na upepo. Ila usiwe na kuta za tofali. Weka makuti, mbao nyepesi, nguo. Jiko la gesi na mitungi vipandishwe juu, pamoja na jenereta, betri na ubao wa umeme. Fukushima jenereta nyingi za dharura zilikuwa kwenye vyumba vya chini, zikazama, na yaliyofuata dunia nzima inayajua. Tangi la maji lifungwe kwa mikanda kwenye msingi wake. Tangi la plastiki likiwa nusu tupu litaondoka na maji ya mita moja.

Dereva wa Singida

Wakuu mimi nasafirisha kokoto na saruji, mambo ya bahari siyajui. Lakini nilipeleka mizigo Katesh baada ya tope la Mlima Hanang la tarehe 3 Desemba 2023, lile lililoua watu zaidi ya 80. Ninachokumbuka ni nyumba ya tofali iliyobaki kuta za ubavuni tu. Ukuta uliotazama mlima umekwenda, na ukuta wa nyuma umekwenda, zile zilizosimama sambamba na mkondo zimebaki na picha bado zimetundikwa. Jirani yake nyumba iliyolala kwa ubavu mrefu dhidi ya mlima haikubaki hata jiwe la msingi. Sijui kama kwa tsunami ni hivyo hivyo, nauliza.

Injinia wa Chilonwa

Ni hivyo hivyo, ndugu dereva, na umeeleza vizuri. Tope ni zito kuliko maji na linabeba mawe, lakini kanuni ya uso unaopigwa ni ile ile. Fundi, hapo umepata pointi ya mchoro: jengo likae ubavu mfupi kuelekea bahari. Najua kila mgeni anataka chumba kinachotazama maji, na mchoraji atakuwa amepanga vyumba kumi na viwili mstari mmoja mbele. Pangeni pande mbili za korido, kila chumba kitazame bahari kwa pembe. Uso unaopigwa utapungua kwa zaidi ya nusu.

Fundi wa Gulwe

Hilo la pembe nimelichora jana usiku, linakaa kwenye mita 40 bila shida. Shangazi anauliza swali moja, na naliandika kama alivyolisema: "Tukijenga hivyo, wageni wakae humo ndani maji yakija?"

Injinia wa Chilonwa

Hapana. Mwambie shangazi hapana, na aandike kwenye kumbukumbu za kikao.

Kanuni niliyoitaja yenyewe haiwalazimishi wenye nyumba ndogo za kawaida. Inashughulika na hospitali, vituo vya zimamoto, majengo makubwa yanayokusanya watu wengi. Sababu ni kwamba nyumba ya ghorofa moja ufukweni haiwezi kufanywa salama kwa binadamu kwa gharama ya kawaida. Yote niliyokueleza yanaongeza nafasi ya jengo kubaki, mtaji wa wazee usipotee, na kama kuna aliyekwama awe na mahali. Watu wanalindwa kwa kuondoka.

Na kwetu kuondoka kunawezekana, hilo ndilo linalonipa moyo. Tsunami ya kutoka Sumatra inatupa saa saba mpaka tisa. Mwaka 2004 hakukuwa na wa kumwambia mwenzake. Sasa upo mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi, Australia, India na Indonesia zinatoa taarifa, na kwetu inapokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Lakini mgeni aliyelala Pangani hatausikia mtetemo wowote, tetemeko liko mbali mno. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa zamu mwenye simu yenye chaji usiku na mchana, na awe na mamlaka ya kuwaamsha wageni bila kumpigia mwenyekiti kwanza. Bahari ikionekana imekupwa ghafla kwa saa isiyo yake, hasubiri simu. Mtoto wa Mwera, kutoka hapo mwinuko wa karibu uko wapi?

Mtoto wa Mwera

Inategemea ni ng'ambo ipi ya mto. Kama kiwanja kiko upande wa mjini, barabara ya kwenda Muheza inapanda polepole, mzee kwa miguu anafika pa juu bila kukimbia akipewa saa moja. Kama ni upande wa Bweni, kilima kiko karibu zaidi, na usimwambie mtu akimbilie kivuko. Kivuko kiko mdomoni mwa mto, ndipo maji yatakapoingilia kwanza. Fundi, ni upande upi?

Fundi wa Gulwe

Upande wa mjini, kaskazini. Nitaitembea hiyo njia na shangazi mwenyewe, yeye ana goti bovu, nipime muda wake.

Kikao kimeafiki: kiwanja hakiuzwi, ukuta umefutwa, mchoraji anaanza upya na jengo limegeuzwa ubavu. Mzee wa jiografia ndiye aliyetoa hoja. Sasa nimeomba bei ya kupima udongo, wamenipa ya mashimo mawili ya mita 6. Inatosha?

Injinia wa Chilonwa

Haitoshi. Kama mita 3.6 za juu tunazihesabu hazipo, shimo la mita 6 linakuonyesha mita mbili na ushee tu za udongo utakaobeba jengo. Omba matatu: mawili kwenye kona za upande wa bahari, moja nyuma, na angalau yale mawili ya mbele yashuke mita 15 au mpaka yagote tabaka gumu. Kila mita moja na nusu wapige kipimo cha ugumu, wasiruke. Ripoti ionyeshe kina cha maji ya ardhini yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, tena wapime siku za bamvua, na ipimwe chumvi ya maji hayo ili tuchague saruji. Kava ya nondo, yaani zege linalozifunika, isipungue milimita 50 juu ya ardhi na 75 ndani ya ardhi, na mchanga wa zege utoke mtoni, wa ufukweni usiguswe hata kwa plasta. Hapo Nkuhungu atakuwa ameridhika.

Ukipata ripoti niwekee hapa hapa kwenye uzi, tupige hesabu ya nguzo za msingi pamoja.